Kubadilisha mabomba ya maji machafu chini ya sinki la mabeseni mawili

Wenye sinki la mabeseni mawili huniita kwa malalamiko yale yale: "Fundi, nikimwaga maji huku yanatapikia kule." Nikifungua kabati nakuta flexibo mbili, yale mabomba laini ya plastiki yenye mikunjo, zimechomekwa kwenye bomba la ukutani na pengo limezibwa kwa tambara. Mafuta na punje za wali zimeganda kwenye mikunjo, na mende wanapanda kupitia hilo tambara. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ng'oa zote.

Lakini kabla ya kung'oa, pima. Kwanza umbali kutoka katikati ya tundu moja la sinki hadi katikati ya la pili. Halafu urefu kutoka sakafu ya kabati hadi bomba la ukutani. Hiki cha pili ndicho kinachowaumbua wengi: mtu ameondoa sinki la kina cha sentimita 15, akaweka la 22, na bomba la ukutani liko pale pale. Mdomo wa trapu, yaani kile kipinde cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia harufu, sasa uko chini ya bomba, na maji hayapandi mlima. Dawa yake ni kuchimba ukuta na kushusha bomba, hata kama mama mwenye nyumba atanuna kwa ajili ya marumaru zake.

Ukienda dukani beba kipande cha bomba la zamani. Pale kaunta "inchi moja na nusu" na "milimita 40" hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, ila bomba la PVC la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 48. Haviingiliani. Chukua wesiti mbili (midomo ya kutolea maji inayokaa kwenye matundu ya sinki), tii (kiungo cha njia tatu), trapu moja, bomba gumu lililonyooka, mpira wa kuunganishia ukutani, na washa za akiba, zile pete za kuzuia maji kwenye viungo.

Nimesema trapu moja. Mabeseni yote yakutane kwenye tii kwanza, trapu ifuate. Ukipanga trapu mbili zikifuatana kwenye njia moja, hewa inanaswa katikati na maji yanasuasua. Tii nayo iwe ile ambayo tawi lake limeinamia chini. Yenye pembe mraba ndiyo inayorushia maji beseni la pili.

Weka ndoo chini ya trapu ya zamani, maana imejaa maji, na yananuka. Watangazie wote nyumbani, la sivyo mtoto atakuja kunawa mikono wewe ungali umelala chali humo ndani.

Kwangua silikoni kuukuu kwenye matundu mpaka chuma king'ae. Paka mpya chini ya mdomo wa wesiti, ishushe tunduni, kisha washa na nati zije kwa chini. Mtu mwingine aishike kwa juu isizunguke unapokaza.

Sasa panga mabomba yote bila kukaza chochote. Kata kwa msumeno wa chuma, mkato uwe mraba, piga msasa kuondoa ndevu za plastiki. Zikibaki zitanasa kila uzi wa mchicha unaopita. Bomba la kulala literemke kati ya sentimita 2 na 4 kwa kila mita. Washa zenye upande uliochongoka, upande huo uelekee ndani ya kiungo.

Kisha achia mikono uangalie. Kiungo kikichomoka au bomba likiruka pembeni, ujue umelilazimisha. Bomba lililolazimishwa litavuja tu, hata ulikaze kwa spana ya lori. Ondoa, kata milimita 5, jaribu tena. Kazi hii karibu yote ni hapo. Kukaza ni dakika chache. Likikaa lenyewe, kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi.

Kuna mafundi wanaozungushia tepu nyeupe kwenye nati hizi. Wanapoteza tepu: kinachozuia maji hapa ni washa, siyo uzi wa nati. Wanaonikera hasa ni wanaopaka gundi ya PVC kwenye trapu. Siku kijiko cha chai kikizama humo, utakata kwa msumeno.

Kujaribu, ziba mabeseni yote mawili, yajaze, uzibue kwa pamoja. Maji ya bomba yanayochuruzika hayaonyeshi kitu. Pitisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo, kwa chini, kwa kuwa tone dogo huonekana kwenye karatasi kabla ya jicho kuliona. Karatasi ikilowa, fungua nati hiyo uangalie kama washa imejikunja, kabla hujafikiria kuongeza nguvu. Usiku ule acha gazeti kwenye sakafu ya kabati; likiwa kavu asubuhi, masufuria yarudi.