Namna ya kufundisha jiografia ya kihistoria bila kuomba kipindi kipya

Walimu, shida yetu historia tunaifundisha kama miaka ya kukariri na jiografia kama majina ya mito, mtoto anamaliza shule hajui kwamba hivi vitu vilikuwa vinaenda pamoja. Ratiba imejaa, najua, ila hii haitaki somo jipya, inataka ramani mbili za sehemu moja, ya zamani na ya sasa.

Mi naanzaga na Bahari ya Aral (inaitwa bahari ila ni ziwa, liko Asia ya Kati). Tafuta ramani ya 1960 na picha ya setilaiti ya miaka hii, ziweke mezani na ukae kimya, waache waangalie hata dakika tano, wataanza wenyewe kuuliza maji yameenda wapi. Wape karatasi nyembamba wafuatishe ufuko wa zamani kwa penseli halafu waiweke juu ya picha mpya, skeli ziwe sawa lakini. Mmoja aweke kidole Moynaq, ilikuwa bandari ya wavuvi kule Uzbekistan, leo meli zimekaa kwenye mchanga zinaliwa na kutu. Hapo ndo unaingiza historia: Wasovieti walitaka pamba, maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya inayolilisha ziwa yakapelekwa mashambani kwa mifereji, na ziwa lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likakauka sehemu kubwa. Usiruke bwawa la Kok-Aral lililokamilika 2005 upande wa Kazakhstan, kule maji yamepanda na samaki wamerudi, watoto lazima walijue na hilo.

Kitu cha kuangalia sana, usiwafundishe kwamba mazingira ndo yanaamua kila kitu. Kusi na kaskazi zilipeleka majahazi Bahari ya Hindi karne na karne, zikaja meli za mvuke, Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, upepo ni uleule lakini haukuwa na nguvu ileile tena kwenye biashara. Waulize kilichobadilika ni nini, wabishane.

Na kila ramani waulize nani kaichora na ya kazi gani.

Kwenye mtihani achana na "ziwa lilianza kukauka lini", uliza hivi: ungekuwa mvuvi wa Moynaq miaka ya 1970 ungebaki au ungehama, toa sababu kwa kutumia ramani zote mbili. Atakayesema angebaki na sababu zake zinashika, mpe maksi zote.