Damu Imeganda Mguuni: Namna ya Kuzuia Bonge Lisifike Mapafuni

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na shavu la mguu likauma, usiuchue wala kuukanda. Damu ikiwa imeganda kwenye vena ya ndani (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo), kuchua kunaweza kulimega bonge. Kipande kitapanda na damu, kipite upande wa kulia wa moyo, kikakwame kwenye mishipa ya mapafu. Bonge la pajani au nyongani ni la hatari zaidi kuliko la chini ya goti.

Chukua futi ya fundi cherehani. Shuka sentimita 10 kutoka kwenye nundu ya mfupa iliyo chini ya goti, zungusha futi, kisha pima mguu wa pili palepale. Tofauti ikizidi sentimita 3, nenda siku hiyohiyo ukapigwe ultrasaundi ya mishipa. Ikiwa ndogo usijifariji, hasa kama umejifungua karibuni, umefanyiwa upasuaji au una saratani.

Ukishaanza dawa za kuzuia damu kuganda, kutembea kunaruhusiwa. Dawa ndizo zenye kazi. Rivaroksabani kwa kawaida ni miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku, daima pamoja na chakula. Kwa tumbo tupu haifyonzwi vizuri. Ukipewa warfarini, sindano za heparini huendelea sambamba kwa siku 5 au zaidi, mpaka INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda) ifike 2 au zaidi na kukaa hapo saa 24, maana warfarini huchelewa kushika. Baadaye INR ibaki kati ya 2 na 3. Mjamzito hutibiwa kwa heparini, kwa hiyo taja mimba mapema.

Watu huziita dawa za kuyeyusha damu. Haziyeyushi: zinazuia bonge lisikue, mwili ndio unaolimaliza polepole. Kwa hiyo uvimbe ukipungua wiki ya pili, bonge bado lipo. Wengi huacha dozi hapo, na ni kosa kubwa. Matibabu ni miezi 3 kwa uchache. Usiongeze diklofenaki wala ibuprofeni, unaweza kutoka damu. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu amwambie daktari, kwani hupunguza nguvu ya dawa hizi.

Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu au kuzirai, usisubiri asubuhi. Mgonjwa akae wima, abebwe, asitembee, na dawa zake ziende naye.