Somo: Namna ya kuuliza swali la programu ukajibiwa

Habari za jioni wanagrupu. Wiki hii nimepokea ujumbe wa aina moja mara tatu: "Shikamoo mwalimu, programu yangu haifanyi kazi, naomba msaada." Kisha kimya. Nauliza, "Inafanyaje?" Jibu linakuja kesho yake, bando likirudi: "Inagoma tu." Siku mbili zimekwisha na mwenye shida bado anayo shida yake.

Hawa si wavivu. Mmoja wao anajifunza kwa simu, usiku, baada ya kumsaidia mama yake kufunga kibanda pale Mwanga. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha swali la programu linaulizwaje. Nimeandika somo hili nikimfikiria yeye.

Hatua ya 1: Soma unachoambiwa na mashine

Python, lugha ya kuandikia programu tunayojifunza humu, ikikwama hutoa maandishi marefu ya Kiingereza, na wengi huyaruka kwa hofu. Anza kusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa, na juu yake kidogo kuna namba ya mstari wa kodi (yaani maandishi ya programu yako) ulioleta shida. Kwa mfano:

```
NameError: name 'Print' is not defined
```

Python inasema, jina Print silijui. Itazame hiyo P. Kibodi ya simu imeweka herufi kubwa yenyewe mwanzoni mwa mstari, na kwa Python, Print na print ni majina mawili tofauti. Unabadili herufi moja na kazi inaendelea. Mnaotumia simu, zimeni kabisa hiyo herufi kubwa ya kujiweka kwenye mipangilio ya kibodi. Itawaokoa usiku mwingi.

Hatua ya 2: Tafuta

Kopi mstari wa mwisho wa kosa, ondoa majina uliyotunga wewe mwenyewe, upesti Google. Ukikuta mwenzako aliwahi kukwama palepale, soma alivyosaidiwa. Robo saa inatosha.

Hatua ya 3: Punguza kodi mpaka kosa libaki peke yake

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapowaomba mtulie.

Kijana mmoja wa Ujiji alikuwa anaandika programu ya hesabu za mawese ya nyumbani kwao. Ilikuwa imefika karibu mistari 200, jumla zinatoka za ajabu, na alikuwa tayari kuimwaga yote kwenye grupu. Nikamwambia atengeneze nakala, kisha kwenye hiyo nakala afute kila kisichohusika, akiiendesha upya kila anapofuta, aone kama kosa bado lipo. Ilimchukua kama nusu saa. Ikabaki hii:

```
bei = input("Bei ya lita moja: ")
jumla = bei * 3
print(jumla)
```

Akaingiza 4000. Alitegemea kuona 12000. Ikatoka 400040004000.

Akaitazama kwa muda, halafu akasema taratibu, "Imeandika elfu nne mara tatu." Ndivyo ilivyokuwa. input hurudisha maandishi hata ukiingiza tarakimu tupu, na maandishi ukiyazidisha kwa 3, Python huyarudia mara tatu. Haikutoa ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa. Dawa ni kuyageuza kuwa namba: `bei = int(input("Bei ya lita moja: "))`. Swali lake halikufika kwenye grupu, na nina hakika hatasahau hilo jambo kama ambavyo angesahau jibu la kupewa.

Na kama angekwama bado, angekuja na mistari mitatu ambayo mtu anaisoma akiwa amesimama kituoni.

Hatua ya 4: Eleza ulichotaka, ulichofanya, kilichotokea

Mpigie fundi wa injini za boti pale Kibirizi umwambie "injini imegoma" uone. Atakuuliza: imekataa kuwaka au imezimika ziwani? Umetia mafuta gani? Ilitoa moshi? Sisi tunaojibu tunahitaji vilevile. Ujumbe uwe hivi:

"Habari zenu. Najifunza Python 3 kwa Pydroid kwenye simu. Natengeneza programu ya hesabu za mawese. Nikiingiza bei 4000 nategemea kupata 12000 kwa lita 3, lakini inatoka 400040004000. Nimejaribu kuweka mabano kwenye bei * 3, haijabadilika. Kodi ni hii hapa."

Taja na kazi yenyewe unayoifanya, usitaje pale ulipokwama tu. Kuna mtu aliuliza atawezaje kutengeneza majina 40, kuanzia mwanafunzi1 hadi mwanafunzi40. Watu wakahangaika naye jioni nzima. Kumbe alitaka kuhifadhi alama za darasa, kazi ambayo orodha moja ingeibeba yote. Angesema tangu mwanzo, angejibiwa kwa mstari mmoja.

Hatua ya 5: Tuma kodi kama maandishi

Msinitumie picha ya laptopu iliyopigwa kwa simu, mwanga wa taa umekatiza katikati. Siwezi kuikopi niijaribu. Inabidi niichape upya herufi kwa herufi. Kwenye WhatsApp weka alama hii ` mara tatu kabla ya kodi na mara tatu baada yake. Usipoweka, nyota mbili (*) zinaweza kugeuka wino mzito na alama za mstari wa chini (_) zikageuka maandishi ya kulala, alama zenyewe zikapotea, nasi tukabaki tunatafuta kosa ambalo kwako halipo.

Kabla ya kutuma, ondoa nywila na funguo za huduma za malipo, yaani yale maandishi ya siri ambayo programu yako hutumia kuingia kwenye huduma hizo. Ukishaachia ufunguo hadharani usitegemee kuufuta tu. Ukabatilishe kule ulikoupata, uchukue mpya.

Hatua ya 6: Salamu na shida zije pamoja

Hili lina ugumu wake kwetu. Tumelelewa kubisha hodi, kukaribishwa, kuulizana habari za nyumbani, ndipo mtu aseme kilichomleta. Ni adabu nzuri na sitaki tuiache. Lakini anayefungua grupu katikati ya shughuli zake akakuta "Habari zenu, kuna anayejua Python?" hana cha kujibu. Salimia, na kwenye ujumbe uleule weka shida yako yote.

Ukienda Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu, hata salamu na shukrani huondolewa kwenye swali. Swali langu la kwanza kwenye jukwaa moja la nje lilifungwa muda mfupi baada ya kulituma, na niliumia, nikaona wamenidharau. Baadaye nikaelewa kwamba ukurasa ule unatunzwa kwa ajili ya watu wengi watakaokuja na shida ileile, na wanachokitafuta ni tatizo na dawa yake.

Hatua ya 7: Rudi useme imekuwaje

Ukifanikiwa, sema kilichosaidia. Ukigundua mwenyewe, andika ulichogundua. "Tayari nimepata, asanteni" inamwacha mwenye shida kama yako mikono mitupu.

MASWALI YA WANAGRUPU

Mdau wa Kasulu: Mwalimu, Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Niende Stack Overflow au nisubiri humu?

Nenda. Ilianzishwa 2008 na ina matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani. Kiswahili bado hakina tawi. Lakini kodi yako na ujumbe wa kosa vinaeleweka popote. Andika sentensi fupifupi, na ukifuata hatua ya 3 na ya 4 maneno yatakayobaki ni machache.

Fundi Uvinza: Nimeuliza jana usiku sijajibiwa. Nirudie kwenye magrupu mengine?

Subiri siku nzima kwanza. Saa tatu usiku Kigoma, kule California ni asubuhi na watu wako kazini. Kisha rudi kwenye swali lako uongeze ulichojaribu tangu jana. Ukilipeleka kwingine, sema umeliuliza wapi, mtu asipoteze saa yake kujibu kilichokwisha kujibiwa.

Binti Ujiji: Si rahisi kuuliza ChatGPT tu?

Uliza, tena kwa hatua hizihizi, maana nayo ukiiambia "inagoma" itabahatisha. Ila jaribu jibu lake kabla ya kulileta humu, na useme limetoka huko. Stack Overflow wamezuia majibu yaliyotungwa na akili bandia tangu Desemba 2022, kwa kuwa mengi yalikuwa yanaonekana sahihi na kumbe sivyo.

Mdau wa Kibondo: Kuna mkubwa alinijibu kwa ukali, "soma kwanza." Tangu siku hiyo sijauliza tena.

Pole sana, ndugu yangu. Alichosema huenda kilikuwa sahihi, namna aliyosema haikuwa sahihi. Wakubwa mlio humu, ukichoka pita kimya, mwingine atajibu. Nawe rudi uulize.

Mgeni: Naona aibu kuuliza mbele ya watu wote. Nije inboksi?

Njoo, lakini tuliandae swali pamoja, kisha uliweke humu kwa jina lako. Nikikujibu pembeni nikakosea, hakuna wa kunisahihisha, na kesho mwingine ataniuliza hilohilo. Nakuwepo kuanzia saa mbili usiku, Jumapili hadi Alhamisi. Njoo na hiyo kodi ikiwa imeshapunguzwa.