Kuanza Uzamiaji wa Mtungi kwa Mkazi wa Mtwara: Pumzi, Mafunzo na Vifaa

Mtu aliyekulia Mikindani, Msanga Mkuu au Msimbati haingii katika uzamiaji wa mtungi akiwa mgeni wa bahari. Anajua bamvua na maji mafu, anajua kusi inapoanza kuchafua maji, na huenda amewahi kushuka kwa pumzi yake mwenyewe kumtafuta pweza katika mapango ya mwamba. Ujuzi huo ni mtaji mkubwa. Ndani yake, hata hivyo, mna zoea moja ambalo lazima liachwe ufukweni kabla ya mtungi kufungwa mgongoni, nalo ni zoea la kuzuia pumzi.

Sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafunzo yote imejengwa juu yake. Anayepiga mbizi kwa pumzi yake hubeba hewa aliyoivuta juu ya maji. Bahari huibana hewa hiyo anaposhuka, nayo hurudi katika ukubwa wake wa awali anapopanda, kwa hiyo mapafu hayazidiwi. Mzamiaji wa mtungi huvuta hewa akiwa chini, na regulata, kifaa cha mdomoni kilichounganishwa na mtungi, humpa hewa yenye mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka. Juu ya maji mgandamizo ni bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo), na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bar 1 nyingine. Hivyo mita 10 chini ni bar 2, na mita 20 ni bar 3. Kwa kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662, mgandamizo ukipungua kwa nusu, ukubwa wa hewa huongezeka mara mbili. Mtu akijaza mapafu katika kina cha mita 10, kisha akafunga koo na kupanda, hewa ile itadai nafasi maradufu ambayo kifua hakina. Mapafu yanaweza kuchanika, na hewa ikipenya ndani ya damu inaweza kufika kwenye ubongo. Jambo hili huweza kutokea hata katika maji yanayomfika mtu kifuani, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ya uzamiaji huu haina kighairi: pumua mfululizo, polepole, wala usizuie pumzi kamwe.

Kijana aliyezoea kushuka kwa pumzi atapata shida hapa kuliko yule aliyetoka bara, kwa sababu mwili wake umejifunza kufunga koo kila uso unapoingia majini. Namshauri alifanyie kazi jambo hili mapema, kabla ya kulipia kozi yoyote: avae miwani na snokeli, yaani mrija wa kupumulia, alale kifudifudi juu ya maji tulivu ya Shangani wakati bahari imejaa, apumue kwa mdomo kwa nusu saa bila kukatiza pumzi na bila haraka, akiwa na mwenzake karibu. Zoezi hilo linaonekana dogo, lakini anayelirudia kwa majuma kadhaa hufika darasani akiwa ameshavuka mlima ambao wengine huanza kuupanda siku ile.

Masikio nayo yana taratibu zake. Ndani ya sikio mna nafasi ya hewa ambayo hubanwa pale mtu anaposhuka, na lazima hewa nyingine ipitishwe kutoka kooni ili pande zote mbili za ngoma ya sikio ziwe sawa. Njia inayofundishwa sana ni kubana pua kwa vidole na kupuliza kwa upole mdomo ukiwa umefumbwa. Wengine hufanikiwa kwa kumeza mate tu. Kazi hiyo huanza mara kichwa kinapozama na hurudiwa kila baada ya mita moja hivi, bila kungoja maumivu, kwa kuwa mabadiliko makubwa zaidi yako katika mita 10 za mwanzo. Sikio likigoma, panda kidogo, jaribu tena taratibu, na likiendelea kugoma basi siku hiyo mbizi imekwisha. Mwenye mafua asizamie. Tabia ya kulazimisha sikio mpaka lipasuke, ambayo baadhi ya wavuvi huichukulia kuwa njia ya kumaliza tatizo, humwachia mtu kizunguzungu chini ya maji, usaha na uziwi, na hakuna mkufunzi mwaminifu atakayeikubali.

Kabla ya kozi, mwanafunzi hujaza fomu ya maswali ya afya. Anayekiri kuwa na pumu, kifafa, maradhi ya moyo, ngoma ya sikio iliyotoboka au upasuaji wa kifua hutakiwa kuleta idhini ya daktari, na uchunguzi wa awali unaweza kufanywa hapa hapa mjini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Nasihi kwa moyo wote kwamba fomu hiyo ijibiwe kwa ukweli, kwa sababu anayeficha pumu ili apate cheti anaihatarisha roho yake na ya mwenzake wa mbizi pia. Upande wa kuogelea, kozi ya awali ya PADI, chama cha kimataifa cha mafunzo ya uzamiaji, hudai mita 200 bila kikomo cha muda, au mita 300 kwa miwani, snokeli na mapezi ya miguuni, pamoja na kuelea dakika 10 bila kushika kitu.

Kozi yenyewe, inayojulikana kwa jina la Open Water Diver, ina sehemu tatu: nadharia, mazoezi katika bwawa au maji mafupi yaliyotulia, na mbizi nne baharini pamoja na mkufunzi. Umri wa chini ni miaka 10. Kwa kawaida huchukua siku tatu au nne, na anayehitimu akiwa mtu mzima huruhusiwa kuzamia hadi mita 18 akiwa na mwenzake. Chama kinachotoa cheti, kiwe PADI, SSI, NAUI au CMAS, si hoja kubwa, kwa kuwa vyeti vyao hutambuliwa karibu kila mahali; hoja ni mkufunzi. Muulize anachukua wanafunzi wangapi kwa mara moja, na kama wewe ni mwoga kidogo omba wasizidi wanne. Muulize pia kama boti lake hubeba oksijeni ya dharura. Akikwepa swali hilo, tafuta mwingine.

Vituo vingi vya mafunzo nchini viko Unguja, Pemba na Mafia. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, Mafia inafikika kwa basi la kwenda Dar es Salaam, ambapo msafiri hushuka wilayani Kibiti na kuelekea Nyamisati kupanda boti. Gharama inaweza kupunguzwa kwa kugawa mafunzo: nadharia husomwa nyumbani kupitia intaneti, na safari hubakia kwa ajili ya mazoezi ya majini peke yake. Aliyemaliza nadharia na mazoezi ya bwawani mahali pamoja anaweza kukamilisha mbizi zake mahali pengine ndani ya miezi 12, akibeba hati ya mkufunzi wake wa kwanza. Anayetegemea fedha za korosho ana bahati ya ratiba, maana minada hushika kasi kuanzia Oktoba, karibu na majira ambayo bahari yetu huwa tulivu zaidi.

Kuhusu vifaa, ushauri wangu ni kununua kidogo na kwa mpangilio. Cha kwanza ni miwani ya mbizi, kwa kuwa nyuso hazifanani na miwani ya kuazima huvuja. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, kisha ondoa mkono. Ikibaki imeshika, inakufaa. Lazima ifunike pua, kwa sababu mzamiaji hupuliza hewa ndani yake kupitia puani ili isimkamue macho anaposhuka. Miwani midogo ya kuogelea inayofunika macho tu haiwezi kufanyiwa hivyo na haifai kabisa kwa kazi hii. Baada ya miwani nunua snokeli na mapezi, ambavyo vitakutumikia hata siku zisizo na mtungi. Suti ya mbizi yenye unene wa milimita 3 inatosha kwa bahari yetu, ingawa katika miezi ya kusi wanaosikia baridi upesi hutamani iliyo nene zaidi.

Regulata, jaketi la kuelea na mtungi, kodisha. Ni vifaa vya gharama, na regulata inahitaji fundi aliyefunzwa kuihudumia kila baada ya muda uliowekwa na mtengenezaji, huduma ambayo si rahisi kuipata huku kusini. Kitu kimoja cha thamani ambacho ningekitangulizia fedha ni kompyuta ya mbizi, inayovaliwa mkononi kama saa na kuonyesha kina, muda na kasi ya kupanda. Kompyuta hairithishwi kwa mwenzako katikati ya siku, kwa kuwa inahesabu naitrojeni, gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini chini ya maji, iliyomo katika mwili wa aliyeivaa.

Kuhusu hewa, jifunze hesabu yake mapema. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Tuseme mtu mtulivu hutumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Katika mita 10 atatumia lita 40, na katika mita 20 atatumia lita 60. Tukitenga bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800, ambazo ni dakika 45 katika mita 10, lakini dakika 30 tu katika mita 20. Mwanafunzi mwenye wasiwasi hutumia hewa zaidi ya hapo. Angalia geji mara kwa mara, na umjulishe mwenzako kwa ishara ya mkono pindi ubakipo na nusu.

Mtungi ujazwe na kompresa iliyotengenezwa kwa ajili ya hewa ya kupumua peke yake. Kompresa ya gereji, ile ya kujazia matairi, inaweza kusukuma ndani mvuke wa mafuta na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Hewa yenye ladha au harufu yoyote isitumike.

Cheti kikishapatikana, bahari ya nyumbani inastahili heshima ya pekee. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina matumbawe, kasa na samaki wa kila rangi, na anayeingia hulipa ada na kufuata maelekezo ya wahifadhi. Katika masika Ruvuma humwaga tope baharini na kupunguza uwezo wa kuona. Kusi nayo huleta mawimbi. Kipindi cha maleleji, kusi inapolegea na kabla mvua hazijaanza, ndicho ningekichagua kwa anayeanza. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bamvua hupita mita 3, na katika milango myembamba ya bandari ya Mtwara na ghuba ya Mikindani maji hutoka kwa nguvu isiyoweza kushindwa kwa mapezi. Chagua siku za maji mafu, ingia wakati maji yamesimama baina ya kujaa na kupwa, mwachie nahodha boti afuate viputo vyenu, na mbebe boya la alama la kupandisha juu kabla hamjatokeza, kwa sababu mashua za uvuvi hupita. Njia ya meli iepukwe kabisa. Uvuvi wa baruti umepungua sana katika pwani yetu, lakini mlipuko chini ya maji huumiza masikio na mapafu. Mkisikia kishindo, maliza mbizi na mwondoke eneo hilo kwa kupanda kwa utaratibu uleule mliofundishwa.

Utaratibu huo ni kupanda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, kisha kusimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutokeza. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hupata hivyo nafasi ya kutoka kupitia mapafu, badala ya kufanya viputo katika damu na maungo. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya mbizi ni dalili za maradhi ya viputo hivyo: mgonjwa alazwe chini, apewe oksijeni safi, na simu ipigwe upesi kwa daktari wa uzamiaji, kwa kuwa tiba kamili hufanywa ndani ya chumba cha mgandamizo. Asirudishwe majini. Namba za simu, mahali chumba hicho kilipo na namna ya kufika huko huandikwa kabla ya boti kuondoka ufukweni, na bima ya wazamiaji, kama ile ya DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, hukatwa mapema.

Kwa sababu hiyohiyo ndege husubiri. Baada ya mbizi moja, ngoja angalau saa 12. Baada ya mbizi kadhaa au za siku nyingi, saa 18. Nami humwambia kila anayeanza angoje saa 24 na asihangaike na hesabu. Safari ya basi kuelekea Lindi kando ya pwani haina tatizo hilo, lakini anayepanda kwenda Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde mamia ya mita kutoka usawa wa bahari, aihesabu safari hiyo kama ya ndege na kulala Mtwara usiku mmoja kwanza.