Somo la chai ya viungo: majani yatie mwisho

Mie niliolewa sijui kupika chai. Wali najua, mchuzi najua, mkate wa kumimina najua, lakini chai nilikuwa naichemsha kama maharage: maji, majani, viungo, vyote kwa pamoja, moto mkali, mpaka itokote na kumwagikia jikoni. Mama mkwe wangu, mtu wa Pemba, alikunywa funda mbili, akaweka kikombe chini taratibu, akaniuliza: "Mwanangu, hii umepika au umefua?"

Kosa langu lilikuwa moja, na kila nyumba ninayokwenda naliona. Viungo vinataka moto, majani hayautaki. Viungo ni magome, mizizi na punje ngumu, usipovichemsha havitoi kitu. Majani ya chai ukiyachemsha yanatoa ukali. Wazee wakiiita chai ya rangi chai ya mkandaa, na mkandaa ni ule mti wa mikokoni ambao gome lake lina wekundu wa kutilia rangi na kutengenezea ngozi. Kinachokaza ngozi kwenye gome lile kina ndugu yake ndani ya jani la chai. Ndiyo maana chai iliyochemka sana inakukunja ulimi, ukazidisha sukari, halafu ukasema sukari imepanda bei.

Kwa vikombe vinne hadi vitano: maji lita 1, majani vijiko 4 vya chai (kijiko sawasawa, si cha mlima), iliki 5, mdalasini kipande cha kidole gumba, karafuu 2, tangawizi mbichi kipande kama hicho. Mwenye mafua aongeze punje 3 za pilipili manga.

Hatua ya kwanza: maji

Hapa ndipo watu wanaparuka. Kisiwa cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yamepita kwenye chokaa hiyo. Angalia ndani ya birika lako: lile tabaka jeupe gumu ndilo hilo. Chai ya maji hayo inakuwa nyeusi bila ladha, na ikipoa kidogo inafanya utando juu unaogandia kwenye kikombe. Wengi wanadhani ni uchafu wa majani, wanabadilisha duka.

Dawa yake rahisi. Chemsha maji jioni, yaache yatulie usiku kucha, asubuhi mimina ya juu taratibu, ya chini mwaga. Chokaa nyingi inabaki chini. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi. Ama kisima cha karibu na pwani kilichoingia chumvi, hicho usihangaike nacho, hakuna iliki inayoficha chumvi.

Hatua ya pili: viungo

Tia kinuni, ponda mara tatu nne, vipasuke tu. Ukivifanya unga vitapita kwenye chujio na chai itakuwa tope. Iliki ponda pamoja na ganda lake. Mdalasini wetu wa shamba ni ule mwembamba unaojikunja tabaka kwa tabaka, unavunjika kwa vidole. Ule mnene mgumu kama ubao ni wa aina nyengine, una ukali zaidi, basi punguza.

Karafuu nimesema mbili. Najua sie watu wa karafuu ndio wabaya zaidi, tunatia konzi kwa kuwa imo ndani. Mafuta ya karafuu ndiyo yale ya kupaka jino linalouma, kazi yake kutia ganzi. Ulimi ukishakufa ganzi utaijuaje chai?

Vitie kwenye yale maji, funika sufuria, vichemke dakika 7 mpaka 10 kwa moto mdogo. Kifuniko ni muhimu. Jirani akikwambia "leo kwenu kunanukia", jua harufu imekwenda kwa jirani.

Hatua ya tatu: majani

Zima moto. Nasema tena, zima. Tia majani, koroga mara moja, funika, hesabu dakika 3, zisizidi 4.

Kuna mtu atasema bila moto hayaivi. Majani yetu yanatoka bara: Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara, sehemu za milimani. Kule Mufindi, kwa kuwa ni juu, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94. Sie tulio usawa wa bahari yanafika 100 kamili. Maji yetu yana moto kuliko ya wanaoyalima! Tena mengi ya majani haya ni punje ndogo ndogo zilizokatwa na kuviringwa na mashine, yanatoa rangi upesi.

Muda ukifika chuja, yote, moja kwa moja kwenye chupa ya chai. Usiache majani ndani ya chupa. Chai ya saa 1 asubuhi inayonywewa saa 4 ikiwa imelala na majani yake, hiyo ni dawa ya minyoo.

Maziwa

Ukitaka ya maziwa, punguza maji yawe nusu lita, maziwa nusu lita. Viungo vichemke kwenye maji kwanza, ndipo maziwa, yakiinuka zima na utie majani vijiko 6, maana maziwa yanafunika ladha. Subiri dakika 5. Sukari mwisho, baada ya kuonja.

Maswali mliyoniuliza

*Somo, mie niko Wete. Kila nikitia tangawizi maziwa yanakatika. Maziwa mabaya au mkono wangu mbaya?*

Mkono wako mzima, dada. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa. Kusini mwa China wanakitumia makusudi, wanagandisha maziwa kwa maji ya tangawizi yakawa kitamutamu. Moto unakiua. Ichemshe tangawizi kwenye maji dakika 5 kabla ya maziwa. Yakikatika tena, basi maziwa yenyewe yamelala, badilisha muuzaji.

*Shikamoo mama. Mie mwanafunzi, nimepanga chumba, nina birika la umeme na chai ya vifuko tu.*

Marahaba mwanangu. Usitie viungo kwenye birika, harufu haitoki na utakunywa iliki mpaka umalize chuo. Viponde, tia kwenye chupa ya chai, mimina maji yanayochemka, funga dakika 10. Halafu mimina kikombeni kupitia chujio, tia kifuko dakika 3. Ukikitoa usikikamue, huo ndio ukali unaukamulia.

*Nikitia ndimu chai inapauka. Imeharibika?*

Haikuharibika. Rangi ya chai inabadilika ikikutana na uchachu, basi. Na ndimu inaondoa ule utando niliousema juu. Kwenye chai ya maziwa usiitie, utapata mtindi.

*Bibie, mie mjamzito, kliniki wamesema damu ndogo, nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Nivimeze na chai asubuhi?*

La, usivimeze na chai. Chai inashikana na madini ya chuma tumboni, mwili haupati. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, chai isubiri ipite saa nzima au zaidi baada ya vidonge, na vile vile baada ya chakula. Mengine wasikilize kliniki, mie ni mpika chai tu.

*Mchaichai nao ni chai? Baba yangu akinywa chai usiku halali.*

Jina tu limefanana. Ni nyasi, haina kile kinachomnyima mzee usingizi. Kunja majani mawili matatu, chemsha dakika 5, mpe kwa amani.

*Mama mkwe je? Mbona umetuachia njiani?*

Ah. Siku nilipopatia hakusema kitu. Alinisukumia kikombe nijaze tena, akauliza mkate wa boflo uko wapi.