Droni itasubiri: anza na tensiomita moja

Ukitaja kilimo cha usahihi, yaani kulima kwa kupima badala ya kukisia, wengi tunawaza droni na trekta linalojiendesha. Nami nilikaa miaka nikiogopa hivyo hivyo. Kilichonitoa woga ni tensiomita: bomba la plastiki lenye kikombe cha kauri chini na geji juu. Halina betri wala intaneti. Udongo ukikauka hunyonya maji ya ndani ya bomba kupitia vitundu vya kikombe, na geji huonyesha nguvu ya kunyonya kwa kilopaskali. 0 ni chepechepe. Namba ikipanda, mizizi inahangaika.

Loweka kikombe usiku kucha. Jaza bomba maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu hewa ndiyo adui wa chombo hiki. Toboa shimo la upana wa bomba, kwenye mstari wa mimea, hadi kina chenye mizizi mingi. Mboga nyingi ni sentimita 20 hadi 30. Koroga udongo uleule uwe uji mzito, umimine shimoni, kisha zamisha bomba. Uji huo mimi niliuruka mara ya kwanza. Geji ikaganda kwenye 5 wiki nzima huku majani yakinyauka, nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe kikombe kilikuwa kinaning'inia kwenye uwazi, hakigusi udongo.

Sasa usiiamini bado. Kwa wiki mbili, kila asubuhi mapema, fukua kidogo, finyanga udongo mkononi, andika daftarini: "maji leo" au "bado". Ndipo usome geji na uandike namba pembeni. Daftari langu lilinitia aibu: karibu kila nilipoandika "maji leo", geji ilisema 12, yaani chini bado kuna maji ya kutosha. Nilikuwa nadanganywa na vumbi la juu.

Kwa kuanzia, udongo wa kichanga mwagilia ikifika kama 25, wa tifutifu 40 hadi 50. Ikipita 80 hivi, hewa huingia na namba huporomoka ghafla. Usidhani mvua imenyesha usiku. Jaza maji upya.

Ukishazoea, weka ya pili kwenye sentimita 60. Kila ukimwagilia namba yake ikishuka, maji yanaipita mizizi na mbolea yako inaondoka nayo. Mimi nilipoona hivyo nilipunguza muda wa pampu kidogo kidogo, mpaka geji ya chini ikaacha kucheza.