Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuosha Injini ya Dizeli ya Gari-Nyumba

Fundi aliyezoea malori akipewa gari-nyumba aoshe injini, yeye huona lori tu. Atachomoa betri, atafunika alteneta kwa mfuko wa plastiki, atafungulia maji. Injini yenyewe anaijua. Kinachomponza ni ile nyumba iliyo juu yake, kwa sababu nyumba ina umeme wake, gesi yake na pengine jenereta yake, na vyote hivyo vinaweza kuwa hai huku ufunguo wa gari uko mfukoni mwako.

Mimi hilo nililijua kwa kushtuka. Gari lenyewe ni la injini ya nyuma, ile ambayo ukitaka kuiona kwa juu unaondoa kitanda. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha kulala, godoro limeegemezwa ukutani, kifuniko cha injini kiko wazi, mkono mmoja na tochi umezama hadi begani, mara jenereta ikanguruma. Hakuna aliyeigusa. Betri za nyumba zilikuwa zimeshuka, nayo ilikuwa imetegwa ijiwashe yenyewe zikifikia kiwango fulani. Haikunidhuru, ila moshi wake ulianza kupanda ndani kupitia tundu lile lile nililolifungua. Tangu siku hiyo, kuzima mpango wa kujiwasha ndiyo kazi yangu ya kwanza, hata kabla ya kutafuta glovu.

Umeme una mpangilio wake. Injini ikishazimwa, usikimbilie betri. Zile zenye tangi la AdBlue, yaani kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, huendelea kwa dakika chache kurudisha kimiminika tangini, basi subiri pampu inyamaze. Kisha chomoa plagi ya umeme wa nje; huo ni volti 120 au 230 kutegemea nchi, na kwenye magari mengine waya wake unaingia mpaka kwenye injini, kwenye hita ya kuipashia moto wakati wa baridi. Zima inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kata sola, maana paneli hazijui kwamba unafanya kazi; jua likiwaka zinaleta umeme. Ndipo uende kwenye betri, na ukumbuke kuwa za gari ni kundi moja na za nyumba ni kundi jingine: kukata moja hakuzimi jingine. Anza na waya hasi. Bodi nzima ya gari kwa kawaida imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya, spana ikigusa chuma chochote cha jirani utaona cheche. Pete na saa zivuliwe kabla ya yote hayo. Pete ikiunganisha chanya na bodi inaiva kidoleni kabla hujapata muda wa kupiga kelele.

Gesi ni fupi: funga valvu kwenye tangi, uhakikishe friji na hita ya maji vimezimwa, kwa kuwa baadhi hujiwasha kwa cheche bila kukuuliza.

Sasa kwenda uvunguni. Magari mengi makubwa ya aina hii yamekalia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Hewa ikivuja, au valvu ikifunguka, gari zima linashuka, na aliye chini hana pa kwenda. Zile jeki za haidroliki za kusawazisha gari kambini hazikutengenezwa kumlinda mtu. Kazi yake ni kusawazisha tu. Unahitaji stendi zenye uwezo wa kubeba uzito huo, ziwekwe chini ya chesisi pale mtengenezaji alipoelekeza, juu ya ardhi ngumu, na magurudumu yazuiwe. Kama huna, usiingie. Osha unapofikia ukiwa umesimama, kwingine kutasubiri.

Kabla ya tone la kwanza la maji, tazama. Watu hukimbilia kuosha, na wakishaosha wamefuta ushahidi. Mchirizi mweusi wa oili ukiufuata kwenda juu unakupeleka kwenye gasketi iliyochoka. Chumvi nyeupe karibu na bomba la AdBlue inaonyesha panapovuja. Kiota cha panya kina maana kwamba kuna waya uliotafunwa mahali. Hicho usikifagie kikavu, kiloweshe kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, uvae barakoa na glovu. Piga picha za kila upande.

Kwenye injini ya nyuma ambayo rejeta nayo iko nyuma, pa kutazama kuliko kote ni upande wa rejeta unaoelekea injini. Bomba la kupumulia la injini hutoa ukungu wa oili, feni inaupuliza, vumbi la barabarani linanata juu yake, na baada ya muda mapezi ya kipoza-hewa cha turbo (kinachopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini) yanakuwa yamevaa blanketi. Ukisimama nyuma ya gari unaona rejeta safi kabisa, huku gari linachemka kila likipanda mlima. Mulika kutoka juu, kupitia kifuniko cha chumbani. Ukikuta blanketi hilo, ujue kazi yako ni kuliloweka na kulisuuza kwa maji ya bomba yenye nguvu ndogo. Mashine ya presha italaza mapezi na kuusukuma uchafu ndani zaidi.

Hapo ndipo dawa inapochagulika vibaya. Rejeta na kipoza-hewa mara nyingi ni alumini, na sabuni kali zenye soda ya kaustiki huila alumini. Soma chupa, tafuta ile inayosema wazi kwamba ni salama kwa alumini. Petroli isikaribie kabisa: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Na injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya turbo ukakiacha hapo. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, na dawa ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Mtungi wa kuzimia moto uwe nje ya gari, si ndani ya kabati jikoni.

Mifuko ya kufunika mdomo wa chujio la hewa, kompyuta ya injini, alteneta na masanduku ya fyuzi, ihesabu na uandike idadi. Mfuko uliosahaulika mdomoni mwa chujio unaikaba injini mara tu utakapoiwasha. Andaa pia turubai na beseni za kukingia maji machafu, kwa sababu maji yenye oili hayaruhusiwi kuingia kwenye mfereji wala udongoni, na hutapata pa kuyaweka yakishaanza kutiririka.

La mwisho ni mpira unaozunguka kifuniko kile cha chini ya kitanda. Ukague asubuhi, kabla ya kukifungua. Ukiwa umekauka au umekatika, nunua mwingine kwanza ndipo uanze, kwa sababu usiku godoro litarudi pale pale, na ni mpira huo tu unaotenganisha mto wako na moshi wa injini.